Tawi lilikuwa na watu 60, sasa tumebaki 9: wamekwenda wapi?

*"Shikamoo mwalimu. Nina duka la vifaa vya shule pale Mbuyuni, Moshi, na nyumbani kwetu ni Machame. Baba yangu alikuwa na Mrema mwaka 1995. Mimi nilichukua kadi mwaka 2010 nikiwa na miaka 19, na sasa ni mweka hazina wa tawi. Chama sikitaji, maana nikikitaja swali litageuka ugomvi. Miaka ile mkutano wa tawi ulikuwa unajaza watu 60, wengine wanasikilizia dirishani. Mwezi uliopita tulikuwa 9, pamoja na mimi na katibu. Mdogo wangu wa kiume, anayeendesha bodaboda, amechukua kadi ya chama kingine. Tangu Krismasi Baba hakai naye meza moja, anamwita msaliti, na anasema wote walioondoka wamenunuliwa. Naomba unieleze kitaalamu: chama kinakufa? Watu wamehama au wametuchoka? Na mimi nibaki, niondoke, au ninyamaze nifanye biashara yangu?"*

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na mara ya mwisho niliyaacha yale ya chama nikabaki na ile meza ya Krismasi. Nitakujibu yote mawili, kwa sababu naamini ukilielewa vizuri la tawi, la nyumbani litapungua uzito.

Kama nimekusikia sawasawa, hofu yako ni kwamba watu waliokuwa wenu sasa ni wa wenzenu, na kwamba miaka yote uliyokaa ukiandika stakabadhi na kuchangisha mia tano mia tano imekwenda bure. Baba ameshatoa hukumu: wamenunuliwa. Nimefundisha takwimu za uchaguzi na kuwahoji wapiga kura hapa Arusha kwa miaka mingi, na hukumu hiyo nimeisikia kwa watu wa vyama vyote, kila chama kinapopungukiwa. Mara nyingi huwa ina ukweli kidogo na kosa kubwa.

Kosa lenyewe ni kudhani kwamba kura ni maji ya ndoo mbili, yakipungua huku basi yamemiminwa kule. Chukua mfano wa chama kikubwa kuliko vyote. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete wa CCM alishinda kwa kura kama milioni 9.1, asilimia 80. Mwaka 2010 alipata kama milioni 5.3, asilimia 62.8. Hapo zimepungua kura karibu milioni 3.8 ndani ya miaka mitano. Mwaka huo huo Godbless Lema alichukua Arusha Mjini kwa Chadema, Philemon Ndesamburo akarudi Moshi Mjini kwa kipindi cha tatu, na kila kijiweni ulichopita ulisikia kwamba watu wamehama CCM.

Sasa tazama walikodhaniwa kuhamia. Mgombea urais wa Chadema alipanda kutoka kura kama laki 6 na elfu 70 za Freeman Mbowe mwaka 2005 hadi milioni 2.27 za Dk. Willibrod Slaa. Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF, chama kingine cha upinzani, yeye alishuka, kutoka milioni 1.3 hadi laki 7 hivi. Ukiwajumlisha hao wawili, upinzani uliongeza kama milioni moja tu. CCM ilipungukiwa milioni 3.8. Zile nyingine hazikwenda kwa mtu yeyote, zilibaki nyumbani. Mwaka 2005 walijitokeza watu 72 kati ya kila 100 walioandikishwa, na mwaka 2010 hawakufika hata 43.

Kura haina jina, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba fulani wa Majengo alikaa nyumbani na fulani wa Pasua akahama. Ninachokuonyesha ni jumla. Lakini jumla hiyo inatosha kutufundisha kwamba chama kinapopungua, swali la kwanza ni nani ameacha kuja. Nani amechukua kadi ya wenzetu ni swali la baadaye.

Miaka mitano iliyofuata mambo yakaenda kinyume. Mwaka 2015 John Magufuli alishinda kwa asilimia 58.5, ndogo kuliko ya mgombea yeyote wa CCM tangu vyama vingi virudi. Ukiishia hapo utasema CCM iliporomoka. Lakini kwa idadi alipata kura kama milioni 8.9, yaani milioni 3.6 zaidi ya zile za Kikwete wa 2010. Edward Lowassa, aliyesimama chini ya mwavuli wa Ukawa, ule muungano wa vyama vya upinzani, alipata milioni 6.1, karibu asilimia 40. Waliolala mwaka 2010 waliamka, ila si wote walirudi walikotoka. Kwa asilimia chama kilishuka, kwa watu kilipanda, na vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Na kuwa mwangalifu na asilimia zenyewe. Kwa uchaguzi ule wa 2010 utakuta mahali pengine Kikwete amepewa asilimia 61.17 na pengine 62.83. Hakuna aliyedanganya. Kura ni zilezile, ila mmoja amezigawa kwa kura zote zilizoingia sandukuni na mwingine kwa zile halali peke yake, baada ya kuondoa zilizoharibika. Wanafunzi wangu walikuwa wakigombana saa nzima juu ya tofauti hii kabla hawajauliza mwenzao amegawa kwa nini.

Nije kwa Baba, kwa sababu yeye aliyaona kwa macho. Augustine Mrema, mtoto wa Kiraracha kule Vunjo, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu kabla ya kuondoka CCM mwaka 1995 na kujiunga na NCCR-Mageuzi. Baba atakusimulia jinsi watu walivyosukuma gari lake kwa mikono. Alipata kura kama milioni 1.8, asilimia 27.8, na chama chake kikachukua majimbo 16. Kwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, hicho kilikuwa kishindo. Halafu wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, Mrema upande mmoja na katibu mkuu Mabere Marando upande wa pili, hadi Mrema akaondoka kwenda chama kingine, TLP, mwaka 1999. Mwaka 2000 aligombea urais kwa TLP akapata asilimia 7.8. Mwaka 2005 hakufika hata asilimia moja, na mgombea wa NCCR mwaka huo naye hakufika.

Hadithi hii nimeifundisha mara nyingi na bado haijanichosha, maana inavunja imani mbili kwa mpigo. Kigogo akihama hahami na watu wote. Na chama kikibaki na jina, bendera na ofisi, hakibaki na watu wote. Pale Mrema na NCCR walipoachana, sehemu kubwa ya watu haikumfuata hata mmoja. Lakini je, Wachagga walirudi CCM? Wapo waliorudi. Ila mwaka 2000 uleule Moshi Mjini ilikwenda kwa Ndesamburo wa Chadema na Hai ikaenda kwa Mbowe, na Moshi Mjini ilibaki Chadema hadi 2020. Utii wa watu wa huko kwenu haukuwa kwa NCCR. Ulikuwa kwa lile neno la pili katika jina lake, mageuzi. Chama kilikuwa shati tu, na waliovua shati hawakubadilisha mwili.

Utii huo nao una mizizi mirefu kuliko vyama. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na KNCU, chama chao cha ushirika, tangu mwaka 1933, miaka 21 kabla TANU, chama kilicholeta uhuru, haijazaliwa. Walizoea kuchagua viongozi wao, kukagua hesabu na kusomesha watoto kwa fedha ya zao lao. Serikali ilipovunja vyama vya ushirika mwaka 1976, na baadaye bei ya kahawa duniani ilipoanguka baada ya mfumo wa mgao wa kimataifa kusimama mwaka 1989, wazee wengi walibaki na kinyongo ambacho hakikuwa na mahali pa kwenda mpaka vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992. Baba yako hakumpenda Mrema kwa sura. Alikuwa amebeba kitu kwa muda mrefu, akapata pa kukitua.

Sasa mfikirie mdogo wako. Hana kumbukumbu ya ushirika kuvunjwa, wala ya gari la Mrema. Kijana aliyetimiza miaka 18 mwaka 2025 alizaliwa 2007, na kwake hata Lowassa ni habari ya utotoni. Utii wa chama hurithiwa nyumbani, kwenye usharika, kwenye ushirika, halafu hukomaa kwa kurudiarudia: mtu akikipigia chama kilekile mara tatu mfululizo, mara ya nne hajiulizi. Kijana ambaye hajapiga hata mara mbili hana utii wa kuusaliti. Huo bado haujajengeka ndani yake. Ndiyo maana neno "msaliti" linamgonga mahali ambapo hana jeraha, na anamshangaa Baba kama Baba anavyomshangaa yeye.

Nikupe sasa kazi niliyoifanya mwenyewe, ambayo ningependa uifanye kabla hujaamua lolote. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na katibu wa tawi moja hapa Arusha, upande wa Sombetini, kwenye benchi nje ya saluni ya mkewe. Alikuwa na wimbo uleule wa Baba, kwamba watu wake wamenunuliwa. Nikamwomba daftari la wanachama. Akatoa kaunta buku lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kurasa za mwanzo zimeingia maji, majina ya miaka ya nyuma yameandikwa kwa wino wa bluu na mwandiko mzuri wa mtu mwingine. Tukachukua penseli. Jina moja moja, nikawa namuuliza swali moja tu: huyu yuko wapi leo?

Wa kwanza alikuwa amefariki. Wa pili amehamia Muriet, kodi ilipopanda. Wa tatu yuko Dar es Salaam. Wa nne, "huyo yupo, namwona sokoni." Nikauliza, mara ya mwisho alialikwa lini kwenye mkutano? Akanyamaza. Tukaendelea hivyo zaidi ya saa mbili, mkewe akatuletea chai. Waliochukua kadi ya chama kingine, wale aliowajua kwa hakika, hawakumaliza vidole vya mikono miwili. Waliofariki walikuwa wengi kuliko hao. Waliohama makazi walikuwa wengi zaidi. Na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wale aliowaandikia neno "yupo". Taarifa za mikutano siku hizi zilipita kwenye kundi la WhatsApp, na wengi wa hao "yupo" walikuwa mama wa sokoni na wazee wenye simu za kitochi, au wamebadilisha laini. Tulipofika kwenye jina la mama mmoja, katibu aliweka penseli chini akasema, "Huyu ndiye aliyekuwa anatupikia chai ya mikutano. Hakuna aliyempigia." Ukurasa ule tuliukalia muda mrefu.

Wewe ni mweka hazina, kwa hiyo una kitu bora kuliko daftari la majina: una vishina vya stakabadhi. Tazama ada ilianza kupungua mwezi gani. Ikiwa ilishuka ghafla, tafuta tukio: ugomvi wa kura za maoni za kuteua wagombea ndani ya chama, kiongozi aliyesimamishwa, mgombea aliyeletwa kutoka juu. Wajumbe wa kambi iliyoshindwa huondoka kimyakimya, na hao ndio wanaouma zaidi kwa sababu walikuwa wafanyakazi hodari. Ikiwa ilishuka polepole, kwa miaka, basi huenda hakuna aliyewakimbia. Mmekuwa mkipungua kama mti usiopandiwa mche.

Kuna na mzunguko mwingine ambao watu wa matawi hawauoni kwa sababu unaanzia juu. Ruzuku ya vyama hugawiwa kwa kuangalia viti na kura. Chama kikipoteza majimbo, fedha hupungua. Fedha ikipungua, ofisi ya wilaya inashindwa kodi, pikipiki ya katibu inakosa mafuta, mikutano inapungua. Mikutano ikipungua, watu wanasema chama kimekufa, na wanaosema hivyo hawaji tena. Ongeza hapo miaka ya 2016 hadi Januari 2023, ambapo mikutano ya hadhara ya siasa ilikuwa imezuiwa. Mtu aliyetimiza miaka 18 katika kipindi hicho hakupata kusimama uwanjani akamsikia mgombea wa upinzani akizungumza nje ya msimu wa uchaguzi. Kwa upande wa chama kilichokuwa kikiishi kwa mikutano, hiyo ilikuwa sawa na kufunga bomba.

Na kununuliwa je? Sitakudanganya kwamba fedha na vyeo havimo. Kati ya 2017 na 2018 tuliona wabunge na madiwani wakijiuzulu mmoja baada ya mwingine, wengine hapa hapa mkoani Arusha, wote wakisema wanakwenda "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, halafu wengine wakarudi kugombea kiti kilekile kwa chama kipya. Kwa sheria zetu mbunge akiacha chama anapoteza kiti, kwa hiyo kila kuhama kulileta uchaguzi mdogo. Katika uchaguzi wa marudio wa Novemba 2017 CCM ilichukua kata 42 kati ya 43. Wapo walioona hapo ushahidi wa watu kuhama, na wapo walioona ushahidi wa mazingira ya uchaguzi kubanwa. Ninachoweza kukwambia mimi ni kwamba diwani anapohama, anachohama nacho kwa hakika ni kiti. Watu wake unapaswa kuwahesabu upya, mmoja mmoja. Lowassa aliingia Chadema Julai 2015 na kusaidia kuinua kura hadi milioni 6.1, lakini Dk. Slaa akaondoka, maana yeye ndiye aliyesoma orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga mwaka 2007 na Lowassa alikuwemo. Machi 2019 Lowassa alirudi CCM. Wapiga kura wanaokuja nyuma ya mtu mmoja ni wageni wa mtu huyo. Chama kinachotaka wakae lazima kiwape mahali pa kukaa kabla mwenyeji wao hajaaga.

Utaniuliza basi tupime kwa nini. Hapa inanibidi niseme kwa uchungu kidogo. Kwa miaka ya karibuni kipimo chetu kikuu kimevunjika. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Wa 2020 waliyakataa matokeo yake. Oktoba 29, 2025 Chadema haikuwa kabisa kwenye karatasi ya kura, matokeo rasmi yalimpa Rais Samia Suluhu Hassan karibu asilimia 98, na siku zile watu walipoteza maisha, jambo ambalo hakuna hesabu ya kura inayoweza kulifunika. Mshindani mkuu asipokuwepo kwenye karatasi, asilimia inakueleza habari za karatasi. Haiwezi kukueleza habari za mioyo ya watu. Na hii inakata pande zote mbili: mtu wa chama tawala asikwambie asilimia 98 ya watu ni wake, na mtu wa upinzani asikwambie kwamba wote waliokaa kimya ni wa kwake. Hakuna aliyewauliza.

Hata kura za maoni ya wananchi zina mipaka. Septemba 2015 utafiti wa shirika la Twaweza kwa njia ya simu ulimpa Magufuli asilimia 65 na Lowassa 25. Masanduku yakasema 58 na 40. Mwenye kupigiwa simu na mgeni akiulizwa atamchagua nani, anaweza kusema jibu analoona ni salama, au asiseme kitu. Kadiri hofu inavyokuwa kubwa, ndivyo kipimo kinavyopotoka.

Wala usipime uhai wa chama kwa viti peke yake. Kwa mfumo wetu anayeongoza kwa kura hata moja anachukua jimbo zima. Tazama Botswana: chama cha BDP kilitawala tangu 1966, mwaka 2019 kilikuwa na majimbo 38 kati ya 57, na mwaka 2024 kikabaki na 4 tu. Lakini kura zake zilikuwa bado kama asilimia 30. Watu hawakuwa wameisha kwa kasi ile ya viti.

Kwa hiyo, chama chako kinakufa? Kwa barua yako peke yake sijui hali ya tawi lenu, na asiyeliona daftari lenu naye hajui. Ishara zinazonitisha mimi ni hizi: mkipekua majina na kukuta hakuna hata mmoja chini ya miaka 30, kama nafasi za tawi hazishindaniwi tena bali watu wanabembelezwa, na kama mazungumzo yenu yote ni ya "enzi zile". Watu 9 wanaogombania uenyekiti wana afya kuliko watu 60 wanaongoja posho ya usafiri. Kwa sheria chama kinahitaji wanachama 200 katika kila mkoa kati ya angalau mikoa 10 ili kipate usajili wa kudumu, na vipo vyama vyenye cheti ukutani ambavyo mtaani kwako huwezi kumpata mtu wa kuvifungulia mlango. Usajili si uhai.

Kuhusu wewe. Kubaki kuna gharama: muda, fedha, na kwa mfanyabiashara wa Mbuyuni, pengine wateja. Ukibaki, baki kwa kazi unayoweza kuimaliza, kama hiyo ya daftari, usibaki kwa ajili ya kumfurahisha Baba. Kuondoka nako si dhambi. Ibara ya 20 ya Katiba inakupa uhuru wa kujiunga na wengine, na inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Kunyamaza ukaendelea na duka ni haki yako pia, ila nakusihi usichanganye kunyamaza na kuacha kupiga kura, maana umeona zile milioni za 2010: waliokaa nyumbani waliamua uchaguzi bila kusema walichotaka. Ningekuwa wewe, ningebaki miezi mitatu, nimalize daftari, ndipo niamue. Huo ni ushauri wangu, si sheria.

Mdogo wako umwulize kwa upole, Baba asiwepo, kadi ile aliichukua kwa sababu gani. Vijana wengi wa bodaboda ninaozungumza nao wanaamini kwamba bila kadi fulani kikundi chao hakitapata ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ile 4 ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Masharti ya mkopo ule hayadai kadi ya chama. Ikiwa hiyo ndiyo sababu yake, basi amehamisha kadi tu, na pale kwenye kibanda cha kura, akiwa peke yake na kalamu, hakuna atakayejua alichofanya isipokuwa yeye. Na ikiwa kweli amehama kwa moyo wote, naye ana sababu zake, kama Baba alivyokuwa na zake alipoiacha CCM kumfuata Mrema. Mkumbushe Baba hilo kwa adabu: wapo walioketi naye meza moja mwaka 1995 wakamwona yeye ndiye aliyehama.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi. Ikiwa mtu amemwambia mdogo wako kwamba atanyimwa mkopo, leseni au nafasi kijiweni kwa sababu ya chama, au kama wewe mwenyewe umetishiwa dukani, usilimalize kwa simu. Andika tarehe na maneno yaliyosemwa, umtafute wakili au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza aliko, na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo. Kama kuna tishio la kuumizwa, nenda polisi ukiwa na mtu mzima mwingine. Ugomvi wa Baba na mwanawe mpelekee mchungaji wa usharika wenu au mzee wa ukoo ambaye hana kadi ya chama chochote, na afike nyumbani, asiwaite ofisini. Ukiona Baba hali vizuri, halali, au amejitenga na kila mtu na si mdogo wako peke yake, hapo hatuzungumzii siasa tena. Mpeleke hospitali aonwe.

Jambo la mwisho ni la kazi yako. Uamue kubaki au kuondoka, funga hesabu sasa. Linganisha vishina vya stakabadhi na salio, andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, msaini wewe, katibu na mashahidi wawili, kila mmoja abaki na nakala. Ukija Arusha njoo na daftari na penseli.